Diwani ya Juha Kalulu

Kitabu kizito kuliko vyote nyumbani kwetu Munje ni cha katuni. Kina karibu kilo tatu, sawa na changu watatu wa kushiba, na jirani yetu mvuvi alipokibeba mara ya kwanza aliuliza kama ni sheria za nchi. Kurasa zaidi ya 800, jalada gumu, karatasi ya kung'aa. Humo ndani, kuanzia kurasa za mwanzo, mna Mkenya ambaye hakubuniwa na Mkenya.

Anaitwa Ororo Munroe, ingawa dunia inamjua kwa jina la Storm. Alizaliwa kwenye karatasi mwaka 1975, katika Giant-Size X-Men namba 1. Len Wein aliandika, Dave Cockrum akachora. Tunamkuta Kenya, watu wamempigia magoti wakimwomba mvua. Hawana kabila, hawana lugha, ni Waafrika basi. Mwaka uliofuata, toleo la 102 likatueleza kwamba mama yake alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya, baba yake mpiga picha wa magazeti kutoka Marekani, na kwamba wote wawili walikufa Kairo ndege ilipoangukia nyumba yao. Hiyo sehemu ya mvua mimi haikunishtua. Huku Kwale tuna makaya, na wazee wa kaya wameomba mvua tangu kabla ya mtu yeyote New York kushika penseli. Kilichonikaa kooni ni kingine: huyu Mkenya wa kuchorwa anatunzwa kwa uangalifu ambao sijauona kwa Mkenya mwingine yeyote wa katuni, na waliomchora walikuwa mbali kabisa na sisi.

Na yule tuliyemchora wenyewe?

Juha Kalulu ni mkubwa kwa Storm kwa takriban miaka 20. Edward Gitau alianza kumchora katika miaka ya 1950, na nyumba yake ya kudumu ikawa Taifa Leo. Taifa lenyewe lilianzishwa 1958, Aga Khan akalinunua mwaka uliofuata, na 1960 likawa gazeti la kila siku. Kwa miongo kadhaa Juha alikuwa pale, kwenye ukanda wake wa picha chache, na kuna watu wengi sana pwani hii waliomsoma yeye kwanza ndipo wakarudi mbele kuona Rais amesema nini. Jina lake mimi hulipenda: juha ni mpumbavu, na kalulu, ukishuka kusini hadi Zambia na Malawi, ni sungura, yule mjanja wa hadithi. Mjinga na mjanja wamekaa chumba kimoja.

Sasa piga hesabu nami. Ukanda mmoja kwa siku, siku sita kwa wiki. Miaka kumi tu inakupa kanda 3,120. Panga kanda nne kwa ukurasa, unapata kurasa 780. Yaani muongo mmoja wa Juha Kalulu peke yake unajaza kitabu kama hicho changu cha kilo tatu. Nimekitafuta kitabu hicho. Nimeuliza Mombasa, nimeuliza Nairobi nilipokuwa chuo, kabla mimi na chuo hatujaachana. Wauza vitabu wananipeleka kwenye rafu ya watoto wananionyesha vitabu vya kupaka rangi.

Hivi vitabu vikubwa wenyewe wanaviita omnibasi. Neno ni la Kilatini, maana yake "kwa wote", na ndilo hilo hilo lililokatwa mkia wa mbele likatupa basi. Kwa bei yake lakini si kwa wote. Changu kilipotoka 2006 kiliandikwa bei ya takriban dola 100, na ukibadilisha dola 100 leo ni kama shilingi 13,000 kabla hujalipia usafiri. Mimi nilikipata kikiwa kimetumika, pembe moja imebonyea, na bado nililipa kwa awamu.

Usidhani Wamarekani walizaliwa wakitunza. Katuni zao zilikuwa takataka ya senti 10, senti 12, zilizochapwa kwenye karatasi ya bei rahisi kuliko zote. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili watoto walikusanya magazeti na katuni kwa marundo wakazipeleka zikasagwe kwa ajili ya vita. Kampuni zenyewe hazikuona sababu ya kuhifadhi. Mpaka 1987 ndipo Marvel walipoanza mfululizo wao wa majalada magumu ulioitwa Masterworks, DC wakafuata na Archives 1989, na omnibasi za Marvel zikaanza 2005. Kufikia hapo, kazi nyingi za zamani hazikuwa na michoro ya asili. Ikabidi wachapishe kutoka kwenye nakala kuukuu zilizokuwa mikononi mwa wakusanyaji. Palikuwa na mtu, Greg Theakston, aliyebuni njia ya kuondoa rangi kwa kemikali kwenye ukurasa wa zamani ili ubaki mstari mweusi peke yake, upigwe picha, upakwe rangi upya. Ukurasa wenyewe uliharibika katika kazi hiyo. Waliiua nakala moja ili zipatikane elfu. Nikifikiria hilo najiuliza: nani huku kwetu ana nakala moja tu ya kuiua?

Maana sisi tulichora sana, wallahi. Mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wamelewa Lance Spearman, jasusi wa kofia na sigara, katika jarida la African Film la kampuni ya Drum. Hizo hazikuwa michoro, zilikuwa picha za kamera zilizopangwa kama katuni. Dar es Salaam ikajibu: Faraji Katalambulla, yule wa Simu ya Kifo, akatoa Film Tanzania kwa mtindo uleule, kwa Kiswahili. Kisha likaja Sani, na Ndumilakuwili na Lodi Lofa wakawa watu wanaojulikana kuliko wabunge. Nairobi, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mwaka 1973, likadumu hadi 1979. Hirst akaendelea na Pichadithi katika miaka ya 1980, hadithi za jadi kwenye vijitabu vya pini mbili. Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi akawa wetu mpaka ajali ya barabarani ilipomchukua 2012, alichora Golgoti na Akokhan. Na rika langu lilikulia Shujaaz, iliyoanza 2010 ikigawiwa bure ndani ya gazeti, kwa Sheng, ikaenda ikashinda tuzo ya Emmy ya kimataifa.

Tazama vitu hivyo vyote vimekaa wapi: ndani ya gazeti, ndani ya jarida, kwenye pini mbili. Waliokaribia zaidi kukifikia kitabu ni Sasa Sema. Mwaka 1996 walitoa Abunuwasi ya Gado, kitabu cha katuni cha Kiswahili chenye heshima zake, na kwa miaka kadhaa wakaendelea na wachoraji wengine kabla Longhorn hawajaichukua nembo hiyo. Hata hivyo ni jalada laini, la kusomwa darasani na kuchanika. Wenzetu wa Kongo walirithi desturi tofauti: kwa Wabelgiji na Wafaransa katuni tangu zamani huishia kwenye albamu ya jalada gumu, ya kuwekwa kabatini. Ndiyo maana Barly Baruti wa Kisangani, alipochora vita vya kwanza vya dunia pale Ziwa Tanganyika katika Madame Livingstone ya 2014, alipata jalada gumu bila mtu kushangaa. Sisi tuliotawaliwa na Mwingereza tulirithi desturi ya gazeti, na gazeti kazi yake ya pili ni kufungia mahamri.

Hapa ndipo nataka kubishana na wale wanaosema ukusanyaji wa majalada makubwa ni ugonjwa wa Wazungu wenye hela. Pwani hii imewahi kufanya kazi hiyo hiyo, na kwa mtu wa aina hiyo hiyo.

Muyaka bin Haji alikuwa mshairi wa Mombasa, akafariki yapata 1840. Alitunga kama mchora katuni wa gazeti anavyochora. Leo Mombasa imekorofishana na Sayyid Said, leo ana neno. Kesho ni mapenzi, kesho kutwa ni ukata na mfuko mtupu, siku inayofuata anamjibu mshairi mwenzake aliyemchokoza. Yalikuwa mashairi ya siku hiyo, ya baraza na ya barabarani, na hayakuwa na sababu ya kuishi kuliko ukanda wa Juha unavyopaswa kuishi kuliko Jumanne yake. Yaliishi vinywani. Halafu, nusu karne baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, akazunguka akiyakusanya kwa waliokuwa bado wanayakumbuka. Akayaandika kwa hati za Kiarabu, na akayafafanulia: neno hili lina maana hii, shairi hili lilimhusu fulani. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekuwa Mombasa. Taylor aliondoka na karatasi, karatasi zikaishia London, na mwaka 1940 William Hichens akatoa kitabu huko Johannesburg: Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy. Kwa Kiswahili cha Muyaka na cha Sikujua, kikitoka mji ambao wote wawili hawakuwahi kuuota.

Diwani. Neno tunalo. Diwani ni kazi za mtu zilizotawanyika zikakusanywa mahali pamoja. Hata msahafu, ukirudi kwenye Kiarabu chake, ni kurasa zilizokusanywa zikawekwa kati ya majalada mawili. Na nisieleweke vibaya, sifananishi Kitabu na katuni, astaghfirullah, nazungumzia neno na kazi ya mikono. Kazi hiyo ya mikono tuliijua. Siyu, kisiwani Pate, waandishi wa karne ya 18 na 19 walinakili misahafu kwa wino mweusi na mwekundu na wa manjano, wakaijalidi kwa ngozi. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimedumu vya kutosha hata zikapigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa British Library wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini. Vitabu hivyo vilivumilia hewa hii hii ninayopumua mimi Munje, ya chumvi, kwa sababu palikuwa na mtu wa kuvifunga kitambaa, wa kuviweka juu, wa kuvifungua mara kwa mara vikasomwa.

Lililonishika katika kisa cha Muyaka ni wakati. Sikujua aliwahi. Angechelewa miaka 20, wale wazee waliojua shairi lilimhusu nani wangekuwa ardhini, na tungebaki na maneno matupu. Nilimpelekea babu mmoja hapa kijijini kipande cha Juha Kalulu nilichokata kwenye gazeti lililotandikwa ndani ya sanduku la bibi.

"Shikamoo babu. Huyu wamjua?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kalulu huyo! Wapi umemtoa?"

Akakaa nacho muda mrefu, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha. Halafu akanieleza vile gazeti lilivyokuwa likisafiri enzi zao: linashuka na basi Msambweni, linasomwa kwa sauti chini ya mwembe na mmoja anayejua kusoma vizuri, na ikifika zamu ya Kalulu linazungushwa kila mtu aone kwa macho yake, manake picha husomewi. Gazeti moja watu ishirini. Halafu linakuwa la karanga. Alinieleza pia kichekesho cha kipande kile, ambacho mimi sikukipata, kwa sababu kilihusu bei ya kitu ambacho siku hizi hakuna anayekinunua. Nimeandika maelezo yake nyuma ya bahasha. Hiyo ndiyo kazi ya Sikujua, na inahitaji watu wa umri wa babu, na watu wa umri wa babu hawatusubiri.

Kwa hiyo sasa nina hifadhi mbili nyumbani, ya Storm na ya Juha, na kila moja inaharibika kwa njia yake.

Omnibasi adui yake ni maji na uzito. Karatasi ile ya kung'aa imepakwa udongo laini kama mfinyanzi; ikilowa na kukauka, kurasa zinagandana kama zimetiwa gundi, na ukizivuta unang'oa picha. Kinga ni kutolowa, basi. Mgongo nao: kitabu kilichoshonwa kwa uzi, kwa mafungu, kinafunguka kikalala wazi, lakini kilichobandikwa gundi tupu kitapasuka siku moja katikati ya vita. Ukinunua, tazama juu ya mgongo uone kama mna mafungu yaliyokunjwa. Ukikisimamisha kikaegemea, kurasa zinajivuta chini kwa uzito wake mpaka zinaachana na jalada, ndiyo maana mimi nakilaza. Nimekilaza mbali na ukuta wa nje, kwa kuwa ukuta wa mawe ya matumbawe hutoa jasho wakati wa masika, na juu ya ubao, kwa ajili ya mchwa. Unyevu wa hewa yetu unapita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Nina vile vipakiti vinavyokuja na viatu, nina majani makavu ya mwarobaini, nina leso ya kufunikia ili jua lisile rangi. Plastiki hapana. Inafungia unyevu ndani, unapika kitabu chako taratibu.

Juha ni mgumu zaidi, kwa sababu adui yake amezaliwa naye. Karatasi ya gazeti husagwa kutoka kwenye mti na vyote vilivyomo ndani ya mti, na ndani ya mti kuna kitu ambacho kikikutana na mwanga na hewa hugeuka njano, halafu kahawia, na tindikali yake huila karatasi mpaka inavunjika kama kaimati kavu. Huwezi kuizuia, unaichelewesha tu. Kila kipande nakiweka kati ya karatasi nyeupe za kawaida za fotokopi, nyingi za siku hizi hazina tindikali. Naandika tarehe kwa penseli, kamwe si kwa biki. Selotepu sitaki hata kuiona. Inakauka, inaacha doa la rangi ya chai lisilotoka milele. Na kabla ya yote nakipiga picha kwa simu, mchana, kivulini, kwa kuwa kikivunjika kesho angalau mstari utabaki.

Mtu ataniuliza, si magazeti yapo yote kwenye hifadhi? Yapo mengi. Sheria ya vitabu na magazeti inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa msajili, na Nairobi kuna Hifadhi ya Taifa na maktaba ya McMillan zenye magazeti ya zamani. Nafurahi zipo. Lakini gazeti lililohifadhiwa bado ni gazeti: ili usome miaka kumi ya Juha unafungua matoleo elfu tatu, na katika kila moja unapita bei za mahindi na matangazo ya vifo kabla hujamfikia. Hakuna atakayecheka hivyo. Storm alikuwa hivyo hivyo mpaka pale mtu alipoamua kwamba matoleo yale yote ni kitabu kimoja.

Haki za kuchapisha si zangu, na sichapishi. Mimi natengeneza nakala moja, ya rafu yetu. Kuna fundi Ukunda anayejalidi misahafu iliyochoka na daftari za madrasa. Anakunja mafungu, anatoboa kwa msumari, anashona kwa uzi aliousugua nta, ndipo anaweka jalada. Nilimwuliza kama atanishonea katuni. Akaniuliza ni kurasa ngapi. Nikamwambia sijui bado, zinaendelea kuja. Akasema nilete zikifika unene wa vidole vinne, chini ya hapo uzi unapotea bure.

Niko vidole viwili. Kwa hiyo, wewe unayesoma hapa na kwenu kuna sanduku la bibi, kabati iliyotandikwa gazeti, dirisha la stoo lililozibwa na Taifa Leo ya enzi za Moi: usibandue kwa nguvu. Lowesha kidogo kwa kitambaa, anza pembeni, geuza, uangalie upande wa pili kuna nani.